Dodo chini ya mwarobaini

Msikilizaji wetu mmoja, mwalimu wa sekondari, ameniletea barua fupi yenye swali refu. Anasema wanafunzi wake wa kidato cha pili walisoma katika kijitabu fulani cha sayansi kwamba dawa ya penisilini "iligunduliwa kwa ajali". Mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza: katika ajali hiyo walikufa watu wangapi? Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu anasema yeye hakucheka, kwa maana aliona kwamba mtoto ameuliza swali la haki kabisa. Sasa anataka nimweleze Waingereza husemaje mtu anapopata kitu ambacho hakukitafuta, na sisi tunapoyageuza maneno yao tusemeje.

Tuanze na hiyo ajali yenyewe. Neno la Kiingereza 'accident' asili yake ni Kilatini, na lilikuwa na maana ya jambo linalomwangukia mtu, liwe jema au baya. Waingereza wamezihifadhi maana zote mbili mpaka leo. Basi likipinduka ni 'accident', na ukikutana na shangazi yako sokoni pasipo kupanga, mmekutana 'by accident'. Sisi neno letu tulilichukua kwa Waarabu, na kwao lina maana ya ile saa ya mtu iliyokwisha kuandikwa, yaani mauti. Ndiyo sababu wazee wakasema ajali haina kinga. Katika Kiswahili cha leo ajali ni ya gari, ya meli, ya moto. Ni damu na machozi. Basi mtu anayeandika kwamba dawa iliyookoa roho za watu wasiohesabika "iligunduliwa kwa ajali" amechukua neno la umauti akalipachika penye uzima, kisa ameona 'by accident' akakimbilia kamusi na kulikamata neno la kwanza aliloliona.

Kisa chenyewe ni hiki. Alexander Fleming, daktari wa Kiskoti, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya St Mary's mjini London. Aliporudi kutoka likizo mwezi Septemba mwaka 1928, alikuta kisahani kimoja cha kioo alichokuwa akioteshea bakteria kimeota ukungu, na bakteria waliokuwa jirani na ule ukungu wamekufa. Hakuna aliyeumia. Uchafu tu uliingia mahali usipotakiwa. Kwa Kiswahili, basi, penisilini iligunduliwa kwa sadfa, au kwa bahati, au bila kutazamiwa. Neno sadfa wanafunzi wa fasihi wanalijua sana, maana hulitumia kueleza mambo yanayokutana katika hadithi bila mhusika kuyapanga. Sioni kwa nini tulifungie darasani.

Walakini ukiyachungulia kwa ndani maneno ya Kiingereza yanayohusu bahati, utakuta mengi yananuka mchezo wa dadu. 'Chance' lilipitia Kifaransa cha kale kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kuanguka, yaani jinsi dadu zinavyoanguka. 'Hazard', ambalo leo ni hatari, lilikuwa jina la mchezo wa dadu, na wataalamu wengi wanaona mzizi wake ni neno la Kiarabu 'az-zahr', yaani dadu yenyewe. Halafu kuna kijineno 'hap', ambacho Waingereza walikipata kwa watu wa kaskazini, Waskandinavia, nacho kilikuwa na maana ya bahati. Kijineno hiki peke yake sasa kimekufa, lakini kimeacha watoto wengi: 'happen', 'perhaps', 'mishap', 'haphazard', na hata 'happy'. Kwa Mwingereza wa kale, aliyeitwa 'happy' alikuwa mtu mwenye bahati tu. Furaha ilikuja baadaye. Sisi bahati tuliipata kwa Waajemi na nasibu kwa Waarabu, na nasibu kwa asili ni fungu la mtu, sehemu aliyogawiwa. Tofauti hiyo si ndogo. Wao bahati yao huanguka, yetu hugawiwa, na anayegawa kila mtu anamjua.

Sasa vitenzi, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoumia.

Kitenzi cha kila siku ni 'come across'. Ulikuwa ukipanga makabati, ukaiona picha ya harusi ya wazazi wako: 'I came across a photograph.' Kitu kilikuwapo, wewe ulikuwa na shughuli nyingine, mkakutana. Kiswahili chake ni kukuta, basi, wala hakihitaji mapambo. Si 'find out', kosa ninalolisikia kila siku kwa watoto wa shule, na kwa wakubwa pia. Huwezi 'find out' ufunguo uliopotea. Ufunguo ni 'find'. 'Find out' ni kwa habari: umekuja kujua kwamba jirani amehama, umekuja kujua ni nani aliyevunja kikombe. Kinachopatikana huko ni maarifa, si kitu cha kushika mkononi.

Kisha yapo maneno ya kugonga na kujikwaa. 'Stumble upon' kwa umbo lake ni kujikwaa, lakini Mwingereza anapolisema hafikirii tena kidole cha mguu. Kwake ni kukiona kitu ghafla pasipo kukitazamia. 'Bump into' kwa umbo ni kugongana, lakini maana yake ni kukutana na mtu njiani bila miadi. Nimesoma katika ukurasa wa habari za ng'ambo kwamba polisi "walijikwaa juu ya shehena ya silaha". Niliwahurumia vidole vyao. Na mara nyingine nimesoma kwamba waziri fulani "aligongana na rafiki yake wa zamani" katika uwanja wa ndege, nikabaki kutafuta mistari inayofuata nijue kama walipelekwa hospitali. Polisi waliikuta shehena, au waliifuma. Waziri alikutana na rafiki yake. Jambo likiwa la aibu tunalo hata neno ambalo Mwingereza hana, nalo ni kufumania. Yeye humbidi atumie maneno manne au matano kueleza jambo ambalo mke wa mtu hapa kwetu hulimaliza kwa neno moja, na mtaa mzima ukaelewa.

'Hit upon' ni la wazo. Mtu anafikiri jinsi ya kuzuia paa lisivuje, mara shauri linamjia. Huwezi 'hit upon' pochi barabarani. 'Turn up' ni kinyume: hapo kitu chenyewe ndicho kinachojitokeza, ulikitafuta wiki nzima ukakata tamaa, nacho kikazuka siku ya nane kwenye mfuko wa koti. Sisi tuna kuzuka na kuibuka, na yanafaa vizuri.

Nakuja kwenye majina. 'Windfall' ni tunda lililoangushwa na upepo. Hukupanda mti wala hukuupanda, upepo umekufanyia kazi. Leo ni fedha ya ghafla, kama urithi kutoka kwa mjomba uliyekuwa humkumbuki. Watanzania wana usemi wa kupendeza zaidi: mtu huyo ameokota dodo chini ya mwarobaini. Tazama ulivyofika mbali. Tunda la Mwingereza limeanguka chini ya mti wake, na mwenye akili angeweza kwenda kungoja pale pale. Lakini mwarobaini hauzai embe, sembuse dodo. Hakuna awezaye kungoja dodo hapo.

Lakini usemi huu tusiumwage kila mahali. Mwezi Juni mwaka 2020 mchimbaji mdogo wa Mererani, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzanaiti, moja la zaidi ya kilo 9 na jingine la zaidi ya kilo 5, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Je, aliokota dodo? Mimi nasema hapana. Mtu huyo alikuwa akichimba. Kwa Kiingereza angefaa kuambiwa 'he struck it rich', maneno ya wachimbaji hasa, ya sururu kuupiga mwamba na kukuta mali. Na neno la vijana wa mtaani, "ametoboa", linamfaa kuliko dodo, kwa sababu ndani yake mna jasho.

Hapo ndipo hasa nilipotaka tufike. Maneno haya, ya Kiingereza na ya Kiswahili, hayasemi tu kwamba kitu kimepatikana. Yanagawa sifa. Yanasema ni nani wa kushukuriwa, mtu au upepo. Mwanafunzi akishinda mtihani, Mwingereza akasema ni 'fluke', amemtukana. Neno hilo lilivuma katika mchezo wa biliadi, kwa mpira ulioingia shimoni bila mchezaji kuukusudia. Huwezi kulitumia kwa mtu unayemheshimu, isipokuwa aanze yeye mwenyewe kujisema.

Na lipo neno moja lililotungwa makusudi ili kugawa sifa kwa haki, nalo ni 'serendipity'. Siku hizi limekuwa la maduka na mikahawa, na mwaka 2001 Wamarekani walilifanya jina la sinema ya mapenzi. Lakini siku yake ya kuzaliwa inajulikana, jambo ambalo ni nadra kwa maneno. Horace Walpole, mwana wa waziri mkuu wa Uingereza Robert Walpole, alilitunga katika barua ya tarehe 28 Januari 1754 aliyomwandikia rafiki yake Horace Mann, mjumbe wa Uingereza huko Florence. Alikuwa amekuta katika kitabu cha kale jambo la nembo ya ukoo fulani wa Kiitalia ambalo lilimfaa kwa picha aliyokuwa ametumiwa, akafurahi, akaeleza kwamba mambo ya namna hii humtokea mara kwa mara, akayaundia neno. Neno lenyewe alilitoa katika hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip. Na Serendip ni Sarandibu, jina walilolitumia Waarabu na Waajemi kwa kisiwa cha Seilani, ambacho tangu mwaka 1972 huitwa Sri Lanka. Wapenzi wa visa vya Sindbadi baharia watakumbuka kwamba katika safari yake ya sita alifika huko huko.

Hadithi hiyo ilichapwa Venice mwaka 1557, ikielezwa kuwa imetolewa katika Kiajemi. Wale vijana watatu walikuwa safarini wakakutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Wakamwuliza: ngamia wako ni chongo? Ana pengo? Anachechemea mguu mmoja? Amebeba siagi upande huu na asali upande ule? Yule mtu akashangaa, kisha akawashitaki kwa wizi, maana wamejuaje yote hayo kama hawakumchukua wao? Mbele ya mfalme wakajieleza. Nyasi zimeliwa upande mmoja tu wa njia, ingawa za upande wa pili ni nzuri zaidi. Kwa hiyo ana jicho moja. Matonge ya majani yaliyoanguka njiani yana ukubwa wa jino. Kwa hiyo ana pengo. Alama za mguu mmoja ni za kuburura. Na sisimizi wamejaa upande mmoja wakifuata mafuta, nzi upande mwingine wakifuata utamu. Hawakuwa wakimtafuta ngamia wa mtu. Walikuwa wakipita njia, lakini walipita macho yakiwa wazi.

Kwa hiyo Walpole alitia mambo mawili katika neno lake: tukio la bahati, na akili ya kulitambua. Akasisitiza pia kwamba kinachopatikana kiwe ni kitu ambacho mtu hakuwa akikitafuta. Barua zake kwa Mann zilichapwa mwaka 1833, na hata baada ya hapo neno lilikaa miaka mingi bila kutumiwa sana. Liliposhika kasi katika karne ya 20, watu walibeba nusu ya kwanza wakaiacha ya pili. Leo mtu akipata kiti kwenye basi la asubuhi huita 'serendipity'. Hiyo ni bahati tu, bwana, tena ya kawaida.

Mfano wa neno hili kwa maana yake kamili hatuna haja ya kuufuata London. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba huko Lushoto, wanafunzi walikuwa na kawaida ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika friji. Nafasi ilikuwa haba. Siku moja mwanafunzi Erasto Mpemba wa kidato cha tatu aliona mwenzake anawahi nafasi kwa kuweka maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Naye, kwa kuhofia kukosa, akayaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Walipoyaangalia baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado uji.

Mpaka hapo ni bahati, na mtu mwingine angelamba aiskrimu yake akaenda zake. Mpemba akamwuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye aligundua kwamba watengenezaji wa aiskrimu mjini Tanga walikuwa wakifanya hivyo hivyo, wakiweka ya moto ili igande upesi. Alipoendelea na masomo Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu, na wenzake wakaifanya mzaha wa darasani. Akajaribu mwenyewe katika maabara. Siku alipokuja mgeni, Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, Mpemba akasimama akauliza swali lile lile mbele ya wote waliokuwa wakimcheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kulijaribu. Fundi wake wa maabara alipotumwa kulifanya, akaleta jibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoanza kuganda, akaahidi kwamba ataendelea kurudia mpaka apate matokeo yaliyo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, na tangu hapo dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Kwamba lilikwisha kusemwa na Aristotle wa Wagiriki, na baadaye na Bacon na Descartes, hakupunguzi kitu, kwa kuwa walimu waliomcheka walikuwa wamewasahau wote watatu. Wataalamu hawajaacha kubishana kama linatokea kila mara, na kwa sababu gani.

Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuandika kwamba mwanafunzi huyo 'stumbled upon' jambo la kisayansi. Si uongo. Lakini neno hilo linahesabu ile saa moja na nusu ya friji, na kuifuta miaka 6 ya kuuliza na kuchekwa. Na sisi tukiandika kwamba aligundua "kwa ajali", ndiyo tumemmaliza.

Je, Kiswahili kina neno moja la kuchukua mzigo wote wa Walpole? Mimi sijalipata, na sioni haraka ya kuliunda. Bahati haina akili ndani yake. Ngekewa, neno tamu la pwani ambalo ningependa kulisikia zaidi mjini, nalo ni bahati njema tu. Kugundua na kuvumbua hutumika kwa aliyetafuta na kwa asiyetafuta, hayabagui. Kuokota kunasema wazi kwamba kitu kilikuwa chini na wewe ulikuwa ukipita, lakini hata mtoto huokota. Kinachokosekana ni kutambua. Basi tumieni vitenzi viwili, na hakuna atakayewatoza kodi: Fleming aliuokota ule ukungu, akautambua. Hata naye peke yake hakufika mbali. Wenzake wa Oxford, Howard Florey na Ernst Chain, ndio walioutafuta kwa makusudi ule uwezo wake wa kuponya, wakaugeuza kuwa dawa, na mwaka 1945 wote watatu wakagawana Tuzo ya Nobel.

Mwalimu aliuliza pia kuhusu 'coincidence', na kwa nini Waingereza hushangaa wawili wakizaliwa siku moja. Hilo lina hesabu ndani yake, nitalichukua wiki ijayo.